Presha ya Oili na Mume Wangu

Injini ilikufa tukiwa tunapanda kutoka Himo kwenda Marangu. Mimi nilikuwa kiti cha kushoto, karatasi za njia mapajani, nikimsomea mume wangu kona moja baada ya nyingine. Nikasikia mlio kama sufuria iliyoangukia sakafu, kisha moshi ukajaa nyuma yetu hadi migomba ya pembeni haikuonekana. Alizima gari, akafungua boneti, akaifunga. Akakaa juu ya jiwe. Magari mengine ya mashindano yalitupita yakitutimulia vumbi, naye hakuinua hata uso.

Alikuwa fundi mashine katika kiwanda cha serikali. Kiwanda kilipouzwa, yeye na wenzake wengi walipunguzwa kazi. Wengine walirudi kulima kahawa, wengine wakafungua vibanda. Yeye alijenga gari la mashindano nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Pasua, na majirani wakasema amechanganyikiwa. Mimi sikusema hivyo. Nilikuwa nimeona jinsi anavyokaa kitandani asubuhi bila kujua aelekee wapi, na nilijua gari lile lilikuwa linamwamsha.

Tulipoifungua injini, tulikuta pistoni moja imetoboka katikati, chuma kimeyeyuka kama nta. Aliiweka dirishani na kuacha kabisa kugusa spana. Chakula alikuwa anadonoa tu. Nikaona nipande kijijini Uru kumwambia mama yake.

Mama mkwe alishuka kesho yake na ndizi za mtori na chupa ya maziwa. Hakumuuliza habari za kazi. Aliichukua ile pistoni, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Mwanangu, hiki kimetobolewa na nini?"

"Joto, mama."

"Si mnatia maji humo ndani?"

Hapo ndipo mume wangu alipoanza kusema, nami nikaacha kumenya ndizi nisikilize. Alimweleza kuwa maji yanazunguka nje ya silinda tu, hayaifikii pistoni. Pistoni inapigwa moto juu, na kinachoweza kuipoza kwa chini ni oili. Yeye alikuwa amefunga tabo, ile feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, moto ukaongezeka, lakini oili ya kuupunguza hakuiongeza.

"Basi iongeze," mama alisema, akarudisha pistoni dirishani.

"Si rahisi hivyo, mama," alijibu. Lakini jioni ile alikula sahani nzima.

Wiki hiyo alikwenda Himo kwa wauza vipuri vya magari ya Kijapani yaliyotumika, akarudi na bloku ya injini ambayo ndani yake, chini ya kila silinda, kulikuwa na kijibomba chembamba cha kurusha oili tumboni mwa pistoni. Alimwita mwenzake wa kiwandani, mtu mnene mwenye kucheka hovyo, ambaye naye hakuwa na kazi. Wakaanza kubishana siku hiyohiyo.

"Tia oili nzito," mwenzake alisema, "halafu weka kibati cha washa nyuma ya springi ya pampu. Presha itapanda mpaka geji ilie."

"Presha ikipanda si kwamba oili inayopita ni nyingi," mume wangu alimjibu. "Oili nzito asubuhi ya baridi haitapenya kwenye vijibomba hivi. Na pampu itachoka bure kuisukuma."

"Na vijibomba vikinywa oili yote, beringi za kranki zitabaki na nini?"

Swali lilikuwa la haki. Injini ikiwa ya moto na inanguruma polepole, oili inakuwa nyepesi na presha inashuka. Vijibomba vilivyo wazi wakati wote vingeinyima oili kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Walilizungusha jambo hilo kwa siku kadhaa, wakila kwangu, wakichora kwa chaki kwenye ukuta wa jiko. Mwisho wakakubaliana: oili ya kawaida, pampu pana zaidi iliyotoka kwenye injini kubwa, springi isiguswe, na vijibomba viwe vile vyenye kigololi ndani, vinavyofunguka presha ikishatosha tu.

Kabla ya kufunga pistoni walizungusha pampu kwa drili ili waone oili inaruka wapi. Mwenzake aliinama kuchungulia. Kijibomba kimoja kilikuwa kimepinda, kikammwagia oili usoni hadi masharubu yakachuruzika. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu kiwanda kiuzwe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Siku ya mashindano alinikabidhi geji ya presha ya oili. "Wewe angalia mshale," aliniambia, "mimi nitaangalia barabara."

Tulipanda vizuri katikati ya mashamba ya kahawa mpaka tulipofika kwenye kona ndefu za kushoto. Mshale ukaanguka.

"Presha inashuka!"

"Kiasi gani?"

"Inakaribia chini kabisa. Achia!"

Gari lililokuwa nyuma lilikuwa linatupigia honi. Nilimwona akikaza taya, nikadhani hatanisikia. Akaachia mafuta. Mshale ukapanda, wenzetu wakatupita. Tuligundua kuwa kwenye kona hizo oili ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu ikavuta hewa. Basi kila kona ya namna ile nilipiga kelele mapema, naye akapunguza. Tulimaliza nyuma ya wengi, lakini tulimaliza kwa injini yetu wenyewe, mwenzake akitukimbilia akiwa amenyoosha mikono kana kwamba tumeshinda.

Walipofungua injini, pistoni zote zilikuwa nzima. Waliweka vibati ndani ya sampu ili oili isikimbie tena, na habari zikaenea. Jumatatu moja asubuhi nilikuta pikapu mbili zimesimama mlangoni kwetu, wenyewe wakilalamika kuwa zinachemka kwenye mlima. Mume wangu alitoka chumbani akitafuta kitu huku na huku.

"Ovaroli langu liko wapi, mke wangu?"

"Liko kwenye kamba," nilimwambia. "Bado bichi."

Akalivaa hivyohivyo.