Hakimu Mkuu wa Dola ya Ngoma

Siku sita Gaspari alikuwa mkulima wa mtama. Ya saba alikuwa Hakimu Mkuu wa Dola. Dola hiyo msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ilikuwa ngoma yetu, nje kidogo ya Mungaa, tuliyoirithi kwa wazee waliobebeshwa mizigo katika vita vya Mjerumani, wakarudi wakiwaigiza mabwana zao. Kaisari wetu, Alute, siku za kazi alichunga mbuzi. Mimi nilipuliza pembe. Gaspari alijifunga blanketi jekundu akahukumu. Ukicheka Kaisari akiwa ameketi, kosa. Ukikaa kabla yake, kosa. Adhabu ilikuwa kumpalilia mjane shamba, na hakuna aliyegoma. Wakati huohuo kuna mahakama ya kweli, siitaji jina, iliyoahirisha kesi ya ng'ombe mpaka ng'ombe mwenyewe akafa kwa uzee.

Kitu kimoja tu Gaspari alikipenda kuliko cheo chake: tembe lake jipya. Miaka mitatu alikata miti porini na kuibeba begani, na mkewe Magdalena akakandika kila ukuta kwa mikono yake. Walikuwa hawajamaliza hata msimu mmoja humo ndani.

Sasa, Dola yetu ilikuwa na desturi. Wapinzani wetu wa ng'ambo ya mbuga walipotaka kushindana nasi, walimtuma mjumbe aliyevaa kaki aje kutusomea vitisho: tutawahamisha, tutawavunjia nyumba. Kadiri alivyotisha ndivyo tulivyomshangilia. Kisha Hakimu akaigongea karatasi yake muhuri, kuonyesha kwamba tumepokea. Muhuri wenyewe ulichongwa kwa mti. Wino wake masizi na samli.

Jumapili moja ya mwaka 1974, ngoma imekolea, akatokea kwa miguu mtu wa kaki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Gari lake lilikuwa limenasa mchangani, kule korongoni, lakini sisi tungejuaje? Akakunjua karatasi.

"Ndugu wananchi! Wote mtahamia kijiji kipya kando ya barabara. Baada ya siku kumi nyumba za hapa zitabomolewa. Mwenye pingamizi aseme sasa!"

Vigelegele vikapaa. Nikapuliza pembe mpaka mashavu yakauma. Dorkas, dada yake Gaspari, akapiga kelele, "Huyu anajua! Yule wa mwaka jana alikuwa anababaika tu!" Gaspari akainuka taratibu, akachovya muhuri, akagonga.

Mgeni alitoa leso akajifuta macho. Alisema kote alikopita walimtukana, na kwingine walimfungulia mbwa. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba sisi tumeupokea uamuzi kwa shangwe. Hakusema uongo, maskini.

Siku ya kumi lori likaja, limejaa mgambo. Gaspari akamkimbilia yule ofisa.

"Ndugu, ile siku ilikuwa ngoma! Tulidhani na wewe unacheza!"

"Na huu muhuri?"

"Wa ngoma."

"Hapa pameandikwa Hakimu Mkuu. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi, ndugu, ulikubali kwa mamlaka yako. Taarifa nimeshaipeleka kwa wakubwa, na wamefurahi sana. Nani atakwenda kuwaambia wasifurahi?"

Mgambo walikuwa wameshapanda juu ya tembe na mashoka. Mti wa kwanza ukapasuka. Magdalena alisimama mlangoni, hakulia wala hakupaza sauti.

"Baba Selina," alisema, "umewahukumu watu miaka kumi na minane. Haya, na hii ihukumu."

Niliona aibu kumtazama Gaspari, maana pembe niliipuliza mimi. Akawaomba mgambo washuke, akapanda mwenyewe. Akaanza kuliezua tembe lake, mti mmoja baada ya mwingine, polepole, usije ukavunjika hata mmoja, akimpokeza mkewe chini. Alilia waziwazi mbele ya watoto na wakwe, na hakujifuta.

Mgambo walikaa kivulini wakavuta sigara mpaka akamaliza. Ofisa akafungua daftari lake, akaandika kwamba wananchi wengine wamebomoa kwa hiari yao.