Shamba la Kaole na Sahihi ya Kaka Shomari

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyotoka mahakamani Bagamoyo kifua mbele. Miaka miwili mimi na kaka yangu Shomari hatukusalimiana kwa sababu ya urithi wa baba: nyumba ya mjini na shamba la minazi la Kaole, ambalo hati yake ilikuwa na jina la kaka peke yake. Siku hiyo tukapatana. Yeye achukue nyumba, mimi shamba, na hakimu akaiandika suluhu yetu kuwa amri ya mahakama. Waliotuchochea wakabaki midomo wazi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime!

Karani akaniambia, "Dada, ipeleke amri hii kwa msajili wa hati. Shamba bado lina jina la kaka yako."

Nikamcheka. Jioni tukasoma fatiha, tukala pilau sinia moja. Baada ya hayo, kwenda kuandikisha si kumshuku ndugu yangu? Tena watu barazani walishanitisha kwamba ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha mali, ungenimaliza. Amri nikaitia sandukuni.

Mwaka wa tatu Shomari akaja kwangu Zinga, mgonjwa, anashuka kwenye bajaji kwa kushikwa. Hata maji hakutaka.

"Mdogo wangu, hati umeshabadili?"

"Kaka, si tulisoma fatiha?"

"Tulisoma mimi na wewe. Wanangu hawakuwepo. Inuka twende."

Niliona aibu njia nzima. Ofisini, afisa akaisoma amri yetu taratibu. "Haya si mauzo," akasema. "Mmegawana kwa amri ya mahakama, ushuru wa stempu mmesamehewa. Lipeni ada ya usajili tu." Kaka akatia sahihi.

Hakumaliza mwaka. Wanawe walikuja na dalali kuliuza shamba, nikawaonyesha hati yenye jina langu na sahihi ya baba yao. Mkubwa akanibusu mkono, dalali akaambiwa aende zake. Shamba najivunia, sikufichi, lakini zaidi najivunia kuzaliwa tumbo moja na mtu yule.

Basi mwanangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Mahakama ikishakupa chako, kakisajili mapema, na habari za msamaha wa ushuru kamuulize msajili mwenyewe. Kuandikishana na ndugu ni kumsitiri, yeye na wanawe. Mwenyezi Mungu akupe ndugu kama Shomari, na akujaalie wewe uwe Shomari wa wenzio. Amina.