Meno ya Plastiki

Siku ile Igowole nzima ilijua kwamba hata Sabina, fundi cherehani mpole, naye ana mdomo.

Tangu utotoni Sabina alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Alipokuwa mchanga aliugua homa na kuharisha, wakubwa wakasema ana meno ya plastiki, yale meupe kwenye fizi ambayo eti huua watoto. Akaitwa mtaalamu wa kienyeji, akayachimbua kwa spoku ya baiskeli. Plastiki gani? Yalikuwa meno yake mwenyewe. Jino la chonge upande mmoja halikuota kamwe.

Mwaka jana daktari wa meno kule Mbeya alimwonyesha picha ya eksirei ya taya lake. Mfupa usiowahi kubeba jino ulikuwa umekonda, haungeshika skrubu ya jino la kupandikiza.

"Tutalivuta jino la jirani kwa waya, polepole, lije kwenye pengo," alisema. "Litakuja na mfupa wake. Kule litakakotoka kutabaki mfupa mnene, na hapo ndipo tutapandikiza."

Basi kila mwezi safari ya Mbeya, waya zinakazwa, siku tatu anashindia uji. Miezi kumi na minne hiyo.

Alhamisi moja alirudi mapema kutoka Mbeya, taya linamuuma, akamkuta mama yake Matilda uani amempakata Happy, binti wa Sabina mwenye miezi sita. Mtoto alikuwa kimya, amechoka kulia. Mzee Ezekia, mtaalamu wa kienyeji, amechuchumaa mbele yao, spoku mkononi.

"Ana homa tangu jana," Matilda alisema. "Meno ya plastiki, mwanangu. Kama wewe."

Kama wewe! Neno hilo lilimpandisha hasira. Alimpokonya mzee ile spoku, akaitumbukiza chooni, akamtolea maneno ambayo mwanakwaya hatakiwi hata kuyajua. Mzee akaondoka bila kuaga.

"Mama, hizi waya unazionaga mdomoni mwangu. Unadhani ni urembo?"

"Ulichimbwa, ukapona," Matilda alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuokoa. Leo unanifokea?"

"Ningepona hata bila kuchimbwa. Kichwa changu alikishika nani?"

"Mimi," alisema mama yake.

Sabina akamchukua mwanawe, ampeleke zahanati. Kabla ya kumbeba mgongoni akamfungua mdomo, na ndani akakuta pamba nyekundu. Upande mmoja mzee alikuwa ameshamaliza.