Uswahilini kwa Wafilipino

Enzi zetu mtaani Turffontein, huku kusini mwa Afrika, kalenda haikuwa ya kuhesabia siku tu. Yetu, iliyotoka kwao, tulipewa na Anti Luz, nesi Mfilipino aliyekaa nyumba ya mbele. Sisi tulikaa chumba cha uani: baba, mama na mimi. Ukurasa wa mwezi wa nne ulikuwa na picha ya kuchora ya vibanda vya mabati vilivyobebana kando ya mto. Mlango wa njano, ukuta wa waridi, nguo zimeanikwa, jogoo juu ya paa, mwanamke anacheka dirishani. Mama yangu, Mtanzania aliyemfuata baba aliporudi kwao kutoka uhamishoni, aliitazama akatabasamu. "Hii si uswahilini kabisa?" Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kufunua ukurasa. Kwetu ulikuwa Aprili hata siku ya Krismasi.

Mimi niliyezaliwa huku, Kiswahili changu cha kuokoteza, nikadhani Uswahilini ni mji wa Ufilipino. Mwalimu alipouliza mji mmoja wa Asia, nikanyoosha mkono kwa mbwembwe, nikautaja. Maskini, aliutafuta kwenye ramani mpaka kengele ikalia.

Mama alipoyasikia alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanieleza kuwa uswahilini ni mtaa wa watu wa kawaida, nyumba zimebanana, ukikaanga samaki jirani anajua. "Kama hapa kwetu," akasema. Nikanuna. Shuleni nilikuwa nikidanganya kwamba nakaa nyumba ya mbele. Wenzangu wakinisindikiza, nasimama getini mpaka wapotee, ndipo nazunguka uani. Hata leo naona aibu kulisema.

Mama hakunigombeza kwa kununa. "Mtazame huyo mchoraji," alisema. "Kibanda ni kibanda, lakini amekipenda." Jumamosi akarudi na kopo la rangi ya njano, tukaupaka mlango, na viatu vyangu navyo vikapata mgawo. Jumatatu rafiki yangu Thandi aliponisindikiza, sikusimama getini. Nilimpeleka hadi uani. Akauangalia ule mlango.

"Eish, kwenu kumependeza," akasema.

Vijana wa leo huongeza rangi kwenye picha, kwa simu. Sisi tuliiongeza mlangoni. Sasa nakaa fleti ya kuta nyeupe, na jirani yangu sijui hata anapika nini. Mama hayupo tena. Ukurasa ule wa Aprili nimeutundika jikoni, umepauka kidogo. Juzi binti yangu aliniuliza pale ni wapi.

Nikamwambia, kwa bibi yako.