Mwahija Hakubali Kubana Harusi

Saa tatu asubuhi, Kilwa Kivinje, na Mwahija Rehani tayari anabishana.

"Weka yote kwenye sidii moja," anasema mteja wake, Mzee Yahya, aliyesimama nyuma ya kiti.

"Shikamoo nimeshakupa, baba. Hilo la sidii moja sikupi."

Mbele yao kuna kompyuta ya mtumba kutoka Kariakoo. Video ya harusi ya Adija, binti wa Mzee Yahya, imeshapangwa vizuri. Kilichobaki ni kuitoa kwenye kompyuta iende kwenye sidii. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Sidii moja inabeba saa moja na ushee, harusi ni ya saa mbili. Ukitaka iingie yote, unashusha kiwango cha picha, kompyuta inaibana ienee.

"Watu wakitulia, huoni tofauti," Mwahija anaeleza. "Subiri ngoma ikolee! Kila kinachocheza kinageuka vipande vipande, kama sakafu ya vigae."

Mwahija, 36, alianza na kamera ya kanda, miaka ile biashara ilipoachiwa huru na deki zikajaa madukani. Kompyuta hakufundishwa na mtu. Mwezi wa Ramadhani hapati harusi hata moja, na sasa studio moja ya Masoko inawachukua wateja wake kwa sidii moja moja.

"Waende! Wakirudi na viraka vyao wasinililie mimi."

Lakini Mzee Yahya ana sababu yake. Mama yake yuko Milola, hainuki kitandani, na harusini hakufika. Alimpa mwanawe kanga amfunike Adija mabegani wakati wa kumtuza, na sasa anangoja kuiona.

"Sidii mbili nani atambadilishia?" anauliza mzee, sauti imepanda.

Mwahija anageukia kompyuta. Anaibana harusi yote kama alivyoagizwa. Kompyuta inahenyeka hadi adhuhuri. Mzee anakwenda kuswali, anarudi. Sidii inaingia kwenye deki kuukuu yenye tivii ndogo, ambayo Mwahija haiuzi ng'o, kwa sababu wateja wake wengi wana tivii kama hiyo.

Kwenye tivii wanawake wanacheza, wanapiga vigelegele. Mzee Yahya anajiona akiinama mbele ya binti yake.

"Kanga iko wapi?"

"Hiyo hapo, baba. Hapo penye viraka."

Mzee anasogea hadi pua inakaribia kioo. Hata uso wa Adija haupo.

Mwahija anaweka sidii nyingine, kipande kile kile, hakikubanwa. Maua mekundu ya kanga yanaonekana, na Adija analia.

"Wa kubadilisha sidii ni wewe," Mwahija anasema. "Harusi imempita mama yako. Mnataka na picha zake azitazame peke yake?"

Maneno makali hayo kumwambia mtu mzima. Mzee Yahya anakaa chini.

Mwahija anapanga kununua mashine ya kurekodi DVD, inayobeba zaidi ya sidii, ili harusi nzima ikae bila kubanwa. "Itafika Kivinje kabla ya Masoko, utaona! Na siku hiyo pia sitambania mtu uso wake."

Jioni mzee anachukua sidii zake mbili. Mlangoni anageuka.

"Kanga iko kwenye ya kwanza?"

"Ya pili, baba."

Anazitazama, anazitia mfukoni.

"Basi kesho nakwenda Milola mwenyewe."