Samahani kwa Mkono wa Kushoto

Mimi kilichonivuta ni meno, si udaktari. Kanisani kwetu wengi walidhani nimechagua meno kwa sababu udaktari wenyewe umenishinda, nami sikujisumbua kuwasahihisha. Tangu utotoni nikizungumza na mtu humtazama mdomo, si macho. Nataka kujua kwa nini meno ya huyu yamepandana na ya dada yake yamenyooka, kwa nini mzee fulani hutafunia upande mmoja tu, kwa nini jamaa za mama kule Voi wana meno ya kahawia na bado wanavunja mifupa ya mbuzi kama biskuti. Mama alikuwa akinifinya begani mbele ya wageni. "Acha kukagua watu kama mnunuzi wa ng'ombe," ananinong'oneza, halafu anatabasamu kwa wageni kama hakuna kilichotokea.

Huku Minnesota mtu hatoki sekondari akaingia moja kwa moja chuo cha meno kama nyumbani. Unamaliza kwanza digrii nyingine, yangu mimi ni ya baiolojia, ndipo uombe nafasi, na wanaoiomba nafasi hiyo ni wengi kweli. Alama nzuri kila mtu anazo. Wanachotaka zaidi ni daktari wa meno aliyekuona kwa macho yake ukifanya kazi kando ya kiti, akusemee kwamba mikono yako inafaa. Ukimkosa huyo, hata ungekuwa umeila kemia yote ukaimaliza, unabaki nje. Kwa hiyo mwaka wangu wa tatu chuoni nilikuwa na jambo moja kichwani: kumpata daktari wa kunisemea.

Nilimpata hapa hapa Eagan, mwendo mfupi wa gari kutoka kwenye nyumba tunayopanga, ng'ambo ya maghala. Ni mama wa makamo, Mzungu mzaliwa wa huku, mpole, mwenye sauti ya chini. Jumamosi alikuwa akifungua kliniki yake kwa watu wasio na bima ya meno, na alihitaji wanafunzi wa kujitolea. Alinifundisha mwenyewe kazi ya msaidizi. Unakaa upande wa kushoto wa mgonjwa. Mkono wa kulia unashika bomba la kufyonza mate, na huo hautoki mdomoni mwa mgonjwa. Mkono wa kushoto ndio unaochukua vifaa kwenye sinia na kumpa daktari. Yeye hageuzi hata shingo. Ananyosha kiganja tu, na kifaa kinatakiwa kiwe kimefika.

Nilimwelewa vizuri sana. Nikaitikia kwa kichwa, nikavaa glavu, akaingia mgonjwa wa kwanza, daktari akanyosha kiganja. Mkono wangu wa kulia ukatoka na bomba lake mdomoni mwa yule bwana, ukapita juu ya kifua chake ukidondosha mate kwenye tai yake, ukaenda kuchukua kifaa. Sikuutuma. Ulijituma wenyewe.

Yeyote aliyelelewa kwetu anajua kisa chake. Mkubwa hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa bado sijajua kufunga kamba za viatu lakini hilo nilikuwa nalijua. Nikimpa mama kikombe kwa kushoto, hakipokei. Hagombi wala hanyoshi mkono, anakitazama tu kikombe kikiwa hewani mpaka akili inirudie. Ikiwa mkono wa kulia una unga au umeshika mtoto, basi unatoa kwa kushoto lakini unasema, "Samahani kwa mkono." Hapo unasamehewa.

Baada ya Jumamosi kadhaa nilifaulu kuutuliza mkono wa kulia. Bomba likakaa mahali pake, wa kushoto ukaanza kutoa vifaa. Lakini kila nikitoa, mdomo wangu unasema samahani, kwa Kiingereza, taratibu, kwa adabu zote. Nampa kioo, samahani. Nampa sindano ya ganzi, samahani. Sikuwa nikijisikia. Mgonjwa siku hiyo alikuwa dereva wa lori, mtu mkubwa kama mlango, na niliona vidole vyake vikizidi kung'ang'ania kiti. Hatimaye akainua mkono kuomba tusimame. Akamwuliza daktari, huku mate yakimtoka, huyu binti amekosea nini kinywani mwangu mara zote hizi?

Daktari alimtuliza. Kisha akanivuta pembeni. Sasa, watu wa huku hawakwambii umekosea. Watakwambia njia yako ni ya kuvutia, watasifu juhudi zako, nawe unarudi nyumbani ukidhani mambo ni shwari. Daktari wangu naye alizunguka kwanza, akasifu nilivyowahi kufika. Halafu akasema waziwazi, na nikajua kwa mtu wa huku kusema vile amefika mwisho wa subira. Kwenye kiti cha meno, alisema, msaidizi akisema samahani maana yake kuna kitu kimechomwa au kimeanguka. Mgonjwa akishtuka wakati yeye daktari ameshika kifaa chenye ncha, ataumia. Akaongeza kwamba kabla ya kiangazi lazima aamue kama anaweza kunisemea chuoni. Kwa sasa hawezi.

Nilikasirika. Si kwa daktari, kwa mkono wangu. Nimeng'ang'ana na fizikia, nimekariri mishipa yote ya uso, halafu niangushwe na adabu? Hasira zilipopoa nikabaki na swali, kwa sababu ndivyo nilivyo, siwezi kuacha kitu bila kukifunua. Huu mkono wa kushoto ulikosea nini hasa?

Nikaanza kuuliza watu. Kanisani kuna mama mmoja Mkongo aliyehamia huku na watoto wake kutoka upande wa Bukavu, mpishi hodari wa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nilimwuliza tukiwa tunaosha masufuria. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini tunavaa nguo. "Wa kushoto ni wa chooni, mwanangu," akasema. Nikamwambia huku tunaosha yote miwili kwa sabuni, na kliniki tunavaa glavu juu yake. Akafikiri, akasugua sufuria, akasema, "Sabuni inatoa uchafu. Haitoi dharau."

Nyumbani nikamvaa mama. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia katika mji jirani wa Savage. Nilijua wapo waliopooza upande wa kulia, nikadhani nimemnasa. "Mzee aliyepooza akikupa kijiko kwa kushoto, unakipokea?"

"Napokea."

"Na mimi je?"

"Wewe umepooza?"

Nikamweleza shida yangu yote, kiti, bomba, sinia, daktari. Nikamwomba anisaidie kufanya mazoezi: yeye anyoshe kiganja kama daktari, mimi nimpe vijiko kwa kushoto, bila samahani. Alikuwa ametoka shifti, miguu juu ya stuli. Akasema hapana. Nikambembeleza. Akasema huyo daktari anaweza kupokea apendavyo, ni kwake, lakini yeye hakunilea nije kumpa kushoto sebuleni kwake, tena yeye mwenyewe akiwa amekubali. Mdogo wangu wa kike, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, akasema kutoka jikoni kwamba kwani kuna ubaya gani, ni mkono tu. Mama akamwambia na yeye anyamaze. Nililala nimenuna, na kusema kweli niliona mama anachezea maisha yangu.

Nikafanya mazoezi na mdogo wangu. Alinyosha kiganja huku anatazama simu, nami nikampa vijiko, uma, kifungulia chupa, mpaka samahani ikaanza kupungua. Ila kwake yeye haikuwa na uzito, kwa sababu ni mdogo, na mdogo unaweza kumpa hata kwa mguu. Nilichotaka kujua ni kama nitaweza mbele ya mtu mzima.

Majira ya baridi yalipokuwa yanakwisha, gego la mama likaanza kumsumbua. Nilikuwa nimeliona zamani, si unajua macho yangu, lakini mama alikuwa akiniambia niache kumkagua. Sasa shavu lilivimba akashindwa kula. Mtu huyu ameosha maiti, amewashika watu wakikata roho, amebeba mizee mizito kuliko yeye. Lakini daktari wa meno hataki hata kumsikia. Tukiwa kwenye gari kwenda kliniki kwa daktari wangu aliniambia kwa nini: alipokuwa msichana waling'oa jino lake kabla ganzi haijashika, na wakubwa wawili wamemkandamiza. Hakuwahi kutuambia. Alilisema akitazama nje, barafu iliyoyeyuka ikirushwa na matairi ya malori.

Daktari aliniuliza kama nataka kukaa nje, kwa kuwa mgonjwa ni mama yangu. Aliuliza kwa upole, lakini aliongeza kwamba wiki ile ndiyo alikuwa anakata shauri kuhusu wanafunzi wake. Nikasema nitakaa kwenye kiti changu. Nilijua ninachokwenda kufanya, nitafanya juu ya uso wake, yeye amelala chali mdomo wazi, hawezi kunikaripia wala kuondoka. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nilijionea huruma.

Ganzi iliingia vizuri. Daktari alisubiri mpaka mama akakubali kwa kichwa kwamba hasikii kitu, kisha akaanza kulilegeza jino. Nilitoa kifaa cha kwanza kwa kushoto. Macho ya mama yalikifuata kutoka kwenye sinia mpaka kwenye kiganja cha daktari. Samahani ilinifika kooni nikaimeza. Nikatoa cha pili. Mama akafumba macho, na sikujua kama ni kwa hofu au kwa kutotaka kuniona.

Jino likalia. Wanaojua wanajua ule mlio, hauumi lakini unausikia ndani ya fuvu. Mama akashtuka, na mkono wake ukapapasa hewani ukatafuta kitu cha kushika. Ukaupata mkono wangu. Mkono wa kulia ulikuwa na bomba, kwa hiyo alioupata ni wa kushoto. Aliushika juu kidogo ya glavu inapoishia, kwenye mkono wa gauni langu la kazi, maana hata katika hofu ile kazi yake haikumtoka, hakugusa glavu. Akaukamata kwa nguvu zote za mtu anayeinua wazee kitandani.

Wakati huo huo daktari akanyosha kiganja. Zamu ya koleo. Hakugeuka, hakusema, kiganja tu, wazi, juu ya kifua cha mama. Na mimi sina mkono. Bomba siwezi kulitoa, damu inajaa. Kushoto siwezi kuuvuta, nitamnyang'anyaje mama yangu kitu pekee alichoshika? Nikakaa. Kiganja kikakaa. Nikajiambia basi, potelea mbali chuo, sitamwachia.

Mama akafumbua macho. Akakiona kiganja cha daktari kinangoja. Akautazama mkono wangu ulivyo ndani ya wake, akanitazama mimi. Kama ilivyo nyumbani, alikuwa anautazama mkono wa kushoto uliokuwa hewani, na nikangoja nisikie hukumu yake. Vidole vyake vikalegea kimoja kimoja. Kisha akaweka kiganja chake chini ya mkono wangu, akausukuma kuelekea kwenye sinia.

Nikachukua koleo, nikampa daktari. Samahani haikuja.

Jino lilitoka mara moja, zima, na mizizi yake yote. Daktari alimkandamizia mama kitambaa cha pamba, akavua glavu, akaniambia ameona alichotaka kuona na atanisemea chuoni. Nikageuka kumtafsiria mama, ingawa Kiingereza anakijua kunishinda. Alikuwa analia kimya kimya, pamba mdomoni. Ganzi ilikuwa bado kabisa, hapakuwa na kitu kinachomuuma, lakini alilia mpaka tukafika kwenye gari.