Mkono Unaotupa

Mama alijua kuna jambo kabla hajaambiwa. Kifunguamimba wake, fundi wa programu za kompyuta, alikuwa ameacha kubofya. Tangu utotoni kimya cha binti huyu hakikuwahi kuleta heri.

Simu ilikuwa mezani, sauti juu. Upande wa pili alikuwa muuguzi wa zahanati ambayo binti aliitengenezea programu.

"Mdogo wangu, programu mpya inameremeta kama bibi harusi. Ila wagonjwa wangu wa sukari siwaoni, wala dozi zao. Na hapa kuna mzee anasubiri sindano."

"Dada, usimdunge kwanza. Nipe kidogo."

Akakata simu.

"Umefanya nini?" mama akauliza.

"Programu yao inakaa ndani ya kontena, mama. Ni kama sanduku la safari: imefungwa humo na kila inachohitaji, kwenye kompyuta yoyote utakayoiweka inafanya kazi vilevile. Nikitaka kuiboresha siitii viraka. Nazima kontena la zamani, nalifuta, nawasha jipya."

"Na wagonjwa?"

"Walitakiwa wakae nje ya kontena, kwenye folda ya kompyuta ya zahanati. Nilisahau kuwatengea. Wamo ndani ya lile la zamani."

"Umelifuta?"

"Kuzima nakumbuka. Kufuta sikumbuki. Mkono huwa unaenda wenyewe."

Mama akaketi. Aliujua mkono huo. Nyumba hii ukiweka kikombe chini, ukigeuka kimeshaoshwa. Ndivyo alivyomlea: kisicho na kazi kitupwe, kisilale. Leo malezi yake mwenyewe yalimgeukia.

"Tazama basi."

"Naogopa."

"Hata mimi. Tazama."

Binti akaandika amri ya kuonyesha makontena yote, hata yaliyozimwa. Mama hakuitazama skrini, hakujua kuisoma. Aliitazama shingo ya mwanawe. Ilikakamaa, kisha ikashuka taratibu.

"Lipo. Limezimwa tu."

"Usiguse kingine."

"Nawanakili, nawaweka nje."

Kisha akawasha upya lile jipya, safari hii likisoma folda ya nje, akampigia muuguzi. Muuguzi aliposoma dozi ya mzee kwa sauti, mama alikuwa ameung'ang'ania mkono wa kulia wa mwanawe, ule unaotupa.